Nani Ataoka Kesho? Bekari Ndogo za Dar es Salaam kati ya Ubunifu, Ushindani na Urithi

Bekari ndogo inaweza kufungwa huku ikiwa bado na wateja mlangoni. Mwenye nayo anafariki, akaunti ya benki inazuiwa hadi mahakama iteue msimamizi wa mirathi, fundi aliyekuwa akipima hamira kwa macho anaitwa kazini kwingine, na baada ya muda mfupi mtaa uliozoea skonzi za moto unahamia kwenye mkate wa slesi uliofungwa kiwandani. Katika hali kama hiyo ni vigumu kumlaumu mshindani. Ujuzi wa kuoka, jina, madeni ya madukani, makubaliano ya pango na imani ya wateja vyote vilikuwa vimehifadhiwa ndani ya mtu mmoja, naye ameondoka navyo.

Mambo matatu yanayoamua uhai wa bekari za namna hii kwa kawaida hujadiliwa mahali tofauti. Ubunifu huachiwa semina za ujasiriamali, ushindani huishia katika manung'uniko kuhusu bei ya unga, na urithi hauguswi mpaka arobaini ipite. Makala haya yanayachukulia matatu hayo kuwa suala moja: ni kiasi gani cha bekari kimetolewa kichwani na mkononi mwa mwenyewe, kikawekwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kukichukua na kukiendeleza. Bekari ambayo vipimo vyake vimeandikwa inaweza kujaribu mkate mpya bila kubahatisha, inaweza kujua ni mkate gani unaoilisha na ni upi unaoila, na inaweza kukabidhiwa.

Unga, bandari na mkate wa slesi

Ili kuelewa ushindani ni lazima kuanza na ngano yenyewe. Tanzania inalima ngano Hanang mkoani Manyara, Kilimanjaro Magharibi, Makete na sehemu nyingine za nyanda za juu, lakini sehemu kubwa ya ngano inayosagwa nchini huagizwa kutoka nchi kama Urusi, Australia na Kanada, na hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kwa hiyo bei ya mfuko wa unga Tandika au Buguruni husukumwa na mambo yanayotokea mbali: mvua katika nchi za wakulima wakubwa, nauli za meli, thamani ya shilingi mbele ya dola, na vita. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi mbili ambazo kwa pamoja zilikuwa zikiuza takribani robo ya ngano yote inayouzwa kati ya mataifa, bei ya ngano duniani ilipanda ghafla. Kodi nayo ina sehemu yake. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ngano ni asilimia 35, ila kwa miaka mingi baadhi ya nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, zimekuwa zikipewa ruhusa ya muda ya kutoza asilimia 10. Mwenye bekari anayefuatilia bajeti ya kila Juni ana sababu ya kuutazama uamuzi huo kabla ya mambo mengine yote, kwa sababu unagusa malighafi anayoinunua kwa wingi kuliko nyingine yoyote.

Unga huo hununuliwa kwa wasagaji wakubwa wachache, na baadhi ya wasagaji hao wenyewe huoka. Kundi la Bakhresa, kwa mfano, husaga ngano na pia huuza mkate wa Azam. Mwokaji wa Sinza anayetoa mkate mweupe wa slesi wenye uzito uleule, ladha ileile na mfuko unaofanana anajaribu kushindana na mtu ambaye bei yake ya kuuzia unga ndiyo gharama ya kuanzia ya mwokaji huyo. Nasema kwa uthabiti kwamba hapo hakuna la kushinda, na fedha inayotumika kununua mashine ya kukatia slesi ili kufanana na kiwanda ingefanya kazi bora zaidi mahali pengine.

Mkate wa kiwandani una nguvu nyingine inayostahili kueleweka, nayo ni kwamba unakaa. Mbinu iliyobuniwa Chorleywood, Uingereza, mwaka 1961, ilionyesha kwamba donge likikandwa kwa kasi kubwa kwa dakika chache, pamoja na viambato vya kuliimarisha, linaweza kuruka saa za kuumuka ambazo waokaji wa zamani waliziona kuwa za lazima. Viwanda vya nchi nyingi vimejengwa juu ya wazo hilo la kubana muda. Vihifadhi vya kuzuia ukungu, hasa kalsiamu propioneti, huuwezesha mkate kustahimili siku kadhaa dukani hata katika joto na unyevu wa pwani. Hata hivyo muda uliobanwa ndio unaotengeneza harufu na ladha, kwa sababu hamira na bakteria wa chachu huhitaji saa nyingi ili kuzalisha asidi na vitu vingine vinavyoupa mkate utu wake.

Mkate kuwa mgumu nako si suala la kukauka tu. Wanga uliolainika ndani ya oveni huanza kujipanga upya mara mkate unapopoa, na mabadiliko hayo huenda kwa kasi zaidi katika ubaridi wa friji kuliko juu ya meza. Ndiyo maana mkate uliofungwa vizuri na kuwekwa kwenye friji hutoka ukiwa mgumu ilhali haujapoteza maji mengi. Kutokana na ukweli huo uwanja wa bekari ndogo unaonekana wazi: ni saa chache za kwanza baada ya mkate kutoka motoni. Skonzi iliyotoka saa kumi na moja alfajiri na kuliwa na chai saa kumi na mbili na nusu haihitaji kihifadhi chochote. Kiwanda kinachosambaza kwa magari toka Mbagala hadi Bunju hakiwezi kumfikishia kila mteja mkate wa moto alfajiri, kisha kumfikishia mwingine saa kumi jioni watoto wanaporudi shule. Bekari iliyo hatua mia mbili kutoka nyumbani kwa mteja inaweza, na huo ndio ushindani wa kuutafuta.

Kuna mahali bekari nyingi huupoteza ubora huo kwa hiari yao. Mikate inapelekwa kwa Mangi, yaani mwenye duka la mtaani, kwa mali kauli, Mangi analipa atakapouza, na iliyobaki inarudishwa ikiwa imekuwa migumu. Kwa utaratibu huo mwokaji anakuwa amemkopesha mwenye duka mtaji, kisha anabeba hasara ya kila mkate ambao haukupata mnunuzi, huku mkate wake ukimfikia mlaji ukiwa na umri sawa na wa kiwandani. Simwambii mtu aache maduka kabisa. Ila mikate inayorudi inapaswa kuandikwa kila siku kwa jina la duka, na duka linalorudisha nyingi mara kwa mara lipunguziwe mzigo au liachwe, huku nguvu ikielekezwa kwenye dirisha la bekari ambako mteja hulipa papo hapo. Malipo ya lipa namba dirishani yana faida ya pili ambayo haionekani upesi: yanaacha kumbukumbu ya mauzo ambayo benki inaweza kuisoma leo na warithi wanaweza kuisoma baadaye.

Mizani kwanza, ubunifu baadaye

Waokaji hupenda kuzungumzia bidhaa mpya, lakini fedha iliyo karibu zaidi imelala kwenye mizani. Tuchukue mfuko mmoja wa unga wa kilo 25. Waokaji wa kitaalamu duniani huandika vipimo kwa kuuhesabu unga kuwa asilimia 100 na kila kitu kingine kuwa sehemu ya unga huo: maji asilimia 60, sukari 4, mafuta 3, chumvi 1.8, hamira kavu 1. Kwa mfuko wetu hiyo ni kilo 15 za maji, kilo 1 ya sukari, gramu 750 za mafuta, gramu 450 za chumvi na gramu 250 za hamira, na donge zima linakaribia kilo 42 na nusu. Mkate hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya uzito wake katika kuokwa na kupoa, hivyo mkate wa gramu 400 hukatwa donge la gramu 450, na mfuko mmoja hutoa takribani mikate 93 baada ya kuondoa kinachobaki kwenye vyombo. Sasa mkono wa mkataji ukizoea gramu 480, mikate inashuka hadi 87 au 88. Bekari inayotumia mifuko minne kwa siku inagawa bure zaidi ya mikate 20 kila siku, na hakuna anayeiona ikitoka. Mkono ukikosea upande wa pili, mkate unakuwa pungufu ya uzito uliotangazwa, na hapo Wakala wa Vipimo ana haki ya kuingia.

Kuandika kwa asilimia kuna maana kubwa kuliko kuokoa donge. Kipimo cha aina hiyo hufanya kazi kwa kilo 3 na kwa kilo 300, kinaweza kubadilishwa kitu kimoja kwa wakati mmoja ili kujua kilicholeta tofauti, na kinaweza kufundishwa kwa mtu asiyewahi kumwona aliyekibuni. Mwokaji anayetaka kujaribu mkate wa ufuta wenye maziwa ya nazi badala ya maji hahitaji kuanza upya. Anabadilisha mstari mmoja, anaandika matokeo, na kesho yake anajua pa kuendelea.

Joto la Dar es Salaam nalo linaweza kuandikwa. Fundi mzoefu hujua kwa kugusa kwamba Januari hamira hukimbia na Julai hutulia, lakini anachokijua mkono wake kina hesabu nyuma yake. Donge la mkate wa kawaida hufaa litoke kwenye mashine likiwa na takribani nyuzi joto 26 za Selsiasi. Unazidisha 26 mara tatu, unapata 78. Unatoa joto la chumba, tuseme 31, joto la unga, tuseme 30, na joto linaloongezwa na msuguano wa mashine, tuseme 8. Kinachobaki, yaani 9, ndilo joto linalotakiwa la maji. Maji ya nyuzi 9 hayatoki bombani Temeke. Yanahitaji barafu, na barafu hiyo inapaswa kupimwa kama sehemu ya maji. Bekari inayobandika hesabu hiyo ukutani karibu na kipimajoto inapata mkate unaofanana siku zote, na kijana wa miezi mitatu kazini anaweza kutoa donge ambalo zamani lilimtaka fundi wa miaka kumi.

Ubaridi una matumizi mengine ambayo nayaona kuwa ubunifu muhimu kuliko bidhaa yoyote mpya. Donge lililokatwa na kuviringwa jioni, likawekwa katika ubaridi wa nyuzi 4 hivi, huumuka polepole usiku kucha na kuwa tayari kuingia motoni alfajiri, likiwa na ladha iliyokomaa zaidi. Badala ya watu wanne kuanza kukanda saa saba usiku, anatosha mmoja au wawili kufika saa kumi na kuwasha oveni. Friji ya kazi hiyo ina gharama na inahitaji umeme wa kuaminika. Mgao ulioisumbua nchi mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ungeuharibu utaratibu huu, na hali ilianza kubadilika baada ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuanza kuzalisha umeme Februari 2024. Bado ni busara kuwa na jenereta ndogo au oveni ya gesi. Lakini tazama utaratibu huo unagusa nini: sababu moja kubwa inayowafanya watoto wa waokaji kuikimbia kazi ya wazazi wao ni usiku. Anayeupunguza usiku ameanza kushughulikia urithi bila kutaja neno hilo.

Kuhusu bidhaa zenyewe, pwani hii haina upungufu wa mawazo. Mkate wa kumimina hauhitaji ngano hata chembe. Ni mchele, nazi, iliki, hamira na sukari. Mkate wa mofa hutokana na mtama. Mkate wa ajemi, boflo, visheti, keki za tende na skonzi za iliki vinajulikana na kupendwa, na vingi kati ya hivyo bado hutoka majikoni Magomeni, Kariakoo na Upanga bila lebo wala uzito wa kudumu. Bekari itakayovipa vitu hivyo kipimo kilichoandikwa, kifungashio safi na siku maalumu ya kupatikana itakuwa na bidhaa ambayo kiwanda hakina haraka ya kuigusa. Mahitaji ya Ramadhani, ambayo hurudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka, yanaweza kupangiwa akiba ya mchele na nazi miezi kadhaa kabla.

Kuchanganya ngano na unga mwingine ni jambo linalohitaji uangalifu zaidi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha mpango wa unga mchanganyiko mwaka 1964, na Nigeria imejaribu kwa sera kuingiza asilimia 10 ya unga wa muhogo katika unga wa mkate. Ugumu hauko katika nia. Muhogo hauna gluteni, yaani ule utando wa protini ya ngano unaoshika hewa na kuufanya mkate upande, kwa hiyo kwa asilimia 10 mlaji hatambui, kwa 20 mkate huanza kuwa mzito na kutaka marekebisho, na zaidi ya hapo ni bidhaa nyingine kabisa. Pia unga wa makopa uliochachuka haufai. Unahitajika muhogo uliomenywa, kukwanguliwa, kukamuliwa na kukaushwa haraka bila kuachwa uchachuke. Viazi lishe vyenye rangi ya chungwa vina njia rahisi zaidi, kwa kuwa vikichemshwa na kupondwa, rojo lake linaweza kushika nafasi kubwa ya unga, huku likiongeza vitamini A, rangi ya kuvutia na ulaini unaodumu. Nchini Kenya mkate wa namna hiyo umewahi kuuzwa katika maduka makubwa. Kwa maoni yangu bekari ndogo ya Dar es Salaam ianze na viazi lishe kabla ya muhogo.

Jina ni mali, likiandikishwa

Waokaji wengi huamini kwamba wakisajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, wamelilinda. Usajili wa jina la biashara unaonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina hilo. Haumtenganishi mtu na biashara yake, wala haumpi umiliki wa nembo iliyo kwenye mfuko wa mkate. Alama ya biashara ni usajili mwingine, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, nao kwa Tanzania Bara hudumu miaka 7 ya kwanza na kisha huhuishwa kila miaka 10. Alama hiyo inaweza kuuzwa, kukodishwa au kurithiwa ikiwa peke yake. Zanzibar ina usajili wake, hivyo bekari inayotuma boflo ng'ambo ya pili kwa boti inahitaji kujilinda pande zote mbili.

Upande wa usalama wa chakula, tangu mwaka 2019 majukumu ya chakula yaliyokuwa ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linalosajili jengo na kutoa alama ya ubora, na wajasiriamali wadogo hushauriwa kuanzia SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ambako hupata mafunzo na barua ya utambulisho.

Wapo wanaoogopa kuandika vipimo kwa hofu kwamba fundi ataondoka navyo. Hofu hiyo ina msingi, lakini imepewa uzito kuliko inavyostahili. Fundi mzuri tayari anavyo vipimo kichwani. Asiyevijua ni mwenye bekari na watoto wake. Kilicho kigumu kuiba ni jina lenye alama iliyosajiliwa, mahali, usafi na tabia ya kutoa mkate uleule kila asubuhi.

Sheria inaiona bekari namna gani mwenyewe akifariki

Hapa ndipo suala linapohitaji utulivu. Ikiwa bekari ni ya mtu mmoja aliyesajili jina la biashara tu, sheria haioni bekari. Inaona mali za marehemu. Oveni, mashine, pikipiki ya kusambazia, fedha benki na madeni yote huingia katika mirathi. Familia hukaa kikao, humpendekeza msimamizi, na mahakama humteua, lakini kati ya kifo na uteuzi huo hakuna mwenye mamlaka kamili ya kusaini hundi ya unga. Bekari haiwezi kusubiri, kwa kuwa mteja wa mkate hununua kila siku na akipata dukani kwingine kwa mwezi mmoja huzoea.

Ubia usio na maandishi una hatari yake pia, kwani chini ya Sheria ya Mikataba ubia huvunjika mbia mmoja anapofariki isipokuwa wabia walikubaliana vinginevyo. Kampuni iliyosajiliwa ni tofauti: yenyewe haifi. Wanaorithiwa ni wenye hisa, na kinachogawanywa ni hisa. Mkurugenzi aliyebaki anaendelea kusaini, na oveni inaendelea kuwaka. Kampuni ina gharama za hesabu na ritani za kila mwaka, na kwa bekari ya mifuko miwili kwa siku gharama hizo zinaweza kuwa nzito, lakini bekari yenye wafanyakazi sita au saba na familia zinazoitegemea inapaswa kulipima jambo hilo kwa dhati.

Mgawanyo wenyewe unategemea sheria inayotumika kwa marehemu. Kwa Mwislamu, wasia hauvuki theluthi moja ya mali, mjane ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumuni, yaani moja ya nane, na fungu la binti ni nusu ya fungu la mtoto wa kiume. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, inayoendelea kutumika kwa Wakristo wengi wasioacha wosia, mjane hupata theluthi na watoto theluthi mbili. Kwa sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963, mjane mwenye watoto hana fungu lake, na hutunzwa kupitia mafungu ya watoto. Linganisha hali hizo tatu na bekari ambayo leseni ina jina la mume lakini mke ndiye aliyekanda, akauza dirishani na kukumbuka wadaiwa kwa miaka ishirini. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, lakini shauri hilo lilihusu talaka, wala halimpi mjane fungu katika mirathi ya kimila. Njia salama kwa mke wa namna hiyo ni kuandikwa akiwa na hisa zake mwenyewe wakati wote wawili wako hai. Hisa zilizo kwa jina lake haziingii katika mirathi ya mumewe, hata iwe sheria gani. Wosia nao unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na huo ni msaada mkubwa pale ambapo ndugu wangebishania karatasi iliyokutwa chini ya godoro.

Hata mgawanyo wa haki kabisa unaweza kuiua bekari, kwa sababu mafungu hugawanya thamani na si kazi. Watoto watano wakirithi sehemu sawa, wanne wakataka fedha yao na mmoja akataka kuoka, oveni itauzwa. Familia inayoliona hilo mapema inaweza kukubaliana kwamba anayeoka atawalipa wenzake kidogokidogo kutokana na faida, kwa maandishi na kwa muda uliotajwa.

Mrithi wa mkono

Mwaka 1932 Pierre Poilâne alifungua bekari yake Paris, na mwanawe Lionel akaikuza hadi kujulikana duniani. Oktoba 2002 Lionel alifariki pamoja na mkewe katika ajali ya helikopta, na binti yao Apollonia, akiwa na miaka 18, akashika uongozi. Baadaye akasoma Chuo Kikuu cha Harvard huku akiiendesha kampuni toka ng'ambo ya bahari. Huruma ya wateja pekee isingetosha kuifikisha mbali. Mkate wa bekari hiyo ulikuwa na utaratibu unaojulikana, waokaji waliokuwa wamefunzwa walibaki kazini, na yeye alikuwa amekulia ndani ya kazi. Ufaransa kwa ujumla imeijengea kazi hii uzio wa kisheria: agizo la mwaka 1993 linaeleza mkate wa jadi utengenezwe vipi, na sheria ya mwaka 1998 inataka anayejiita mwokaji awe anakanda, anaumua na kuoka palepale anapouzia. Waokaji wadogo wa jiji letu wakiwa na umoja wao wanaweza kuweka alama ya pamoja inayomhakikishia mteja kwamba mkate umeokwa mtaani siku hiyohiyo, bila kusubiri Bunge.

Mrithi si lazima awe mtoto. Fundi aliyekaa miaka kumi na tano anaijua bekari kuliko binti aliyeajiriwa benki, ila mara nyingi analipwa kama kibarua, hana mkataba, hana michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na hana cheti. Mfumo wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa unaweza kumpa cheti kwa anachokijua tayari. Cheti na mkataba vikipatikana, mwenye bekari anaweza kumuuzia fundi wake sehemu ya hisa kwa kukata kidogo katika gawio la kila mwaka, ili siku ya kukabidhiana ifike akiwa tayari ni mmoja wa wenye mali. Pango nalo linatakiwa kusemwa: mkataba na mwenye nyumba utaje kwamba kampuni, na si mzee fulani, ndiyo mpangaji, la sivyo kodi ya mwaka iliyolipwa mapema inaweza kugeuka ugomvi.

Makabidhiano hayafanyiki kwa siku moja. Ningeshauri mwenye bekari, akiwa bado na afya, aondoke wiki mbili nzima bila kurudi kuangalia, na aandike kila simu atakayopigiwa kutoka kazini. Kila simu inaonyesha jambo ambalo bado liko mikononi mwake peke yake. Wakipiga kuuliza namba ya muuza gesi, namba hiyo iandikwe ukutani. Wakipiga kuuliza kiasi cha barafu siku ya joto kali, hesabu ya maji ifundishwe upya. Wakipiga kuuliza kama duka la kona lipewe tena mali kauli, basi daftari la wadaiwa lifunguliwe mbele ya huyo atakayeshika usukani, waketi nalo pamoja, na safari ijayo aamue yeye.